Mti wa mbele ya nyumba kwa baridi ya Magamba

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Nilihamia Magamba, juu ya Lushoto, kutoka Tanga mjini, na sasa ni mwaka wa tatu. Nataka mti mmoja wa maua mbele ya nyumba, unaopendeza na wenye kivuli cha kuweka mkeka. Nimeshaleta mikrismasi miwili kutoka Tanga. Wa kwanza ulikauka ncha mwezi wa Julai, nikaumwagilia asubuhi na jioni, ukafa. Wa pili ulipukutisha majani yote, na Agosti nikaung'oa. Maji ya bomba huku tunayapata siku mbili kwa wiki. Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, na ameniwekea mbegu za mti wa mtaani kwao, zimo ndani ya maganda marefu ya kahawia yaliyopindapinda. Anasema mti huo unavumilia baridi ya kugandisha mito, na ukame pia. Niusubiri huo, au nipande jakaranda kama wengine?"

Marahaba, mwalimu, na pole kwa miti yako. Naanza na ule wa pili, kwa sababu ndio ulionichoma moyo. Umesema ulipukutisha majani yote, ukaung'oa. Je, uliukwaruza kwanza? Mti usio na majani husemeshwa kwa ukucha. Unaanza kwenye ncha, unakwaruza gome kidogo tu, upana wa punje ya mchele, kisha unashuka polepole kuelekea chini. Pale utakapokuta kijani chenye majimaji chini ya ngozi ya kahawia, hapo mti ni mzima, na kilichokauka juu yake unakikata kwa kisu kikali. Ukishuka mpaka usawa wa udongo na bado unakuta nyuzi kavu, hapo ndipo unachukua jembe. Mkrismasi hupukutisha majani wakati wa ukavu hata kwao Madagaska, kwenye misitu mikavu ya magharibi ya kisiwa kile. Huenda wako ulikuwa umejikunyata tu, unasubiri vuli.

Hata hivyo sidhani kama ungekupa furaha uliyoitarajia. Ukipanda gari kutoka Mombo kuja Lushoto, angalia miti dirishani. Kule tambarare umeacha mibuyu na mashamba ya mkonge. Gari linapopiga kona za kuelekea Soni, miti inaanza kubadilika, na ukifika Lushoto mjini, kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, uko katika nchi nyingine kabisa. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Yaani mti uliozoea Tanga unaposhushwa kwenye gari Lushoto, umepoteza nyuzi nane hivi kwa safari ya siku moja, na wewe uko juu zaidi ya hapo. Miti mingi ya pwani huanza kuumia joto linaposhuka chini ya nyuzi 12 au 10, hata kama hakuna barafu yoyote. Majani hufifia, ncha hukauka, machipukizi hudumaa. Mkrismasi ni wa Moshi, wa Korogwe, wa Tanga. Magamba utaishi kwa kuvumilia tu, na mti wa mapambo unaoishi kwa kuvumilia haupambi kitu.

Sasa ule wa kwanza. Huo, mwalimu, nadhani uliuawa na maji. Sikulaumu, maana kila mtu akiona jani linanyauka mkono unakwenda kwenye ndoo. Lakini kuna jambo la milima yetu ambalo nataka ulielewe vizuri, kwa kuwa mengine yote katika jibu hili yanategemea hilo. Pwani, baridi haiambatani na ukame wa kuua. Huku kwetu vinakuja pamoja. Masika ikimalizika Mei, kuanzia Juni mpaka Septemba mvua ni haba na usiku ni wa blanketi mbili. Mizizi iliyo kwenye udongo wa baridi hunyonya maji kwa uvivu. Juu, jua la saa sita na upepo vinaendelea kuyakausha majani. Basi mti unaweza kuwa na kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa. Ukiuongezea maji asubuhi na jioni, unaijaza ile nafasi ya hewa kati ya chembe za udongo, mizizi inakosa pumzi, inaoza. Juu utaona mti umenyauka vilevile kama mti wenye kiu, nawe utaongeza ndoo nyingine.

Kwa hiyo mti unaoutafuta ni mmoja tu, wenye tabia moja: unaojua kupumzika wakati wa baridi kavu na kuamka bila kubembelezwa. Ukiupata huo, suala la bomba la siku mbili kwa wiki linaisha lenyewe baada ya mwaka wa pili.

Mbegu za dada yako nimezifikiria sana, maana zimetoka kwa ndugu na zina upendo ndani yake. Kwa maelezo ya maganda yale, nadhani ni Gleditsia triacanthos, mti wa jamii ya mikunde wa katikati ya Marekani, unaopandwa sana kandokando ya barabara za miji ya kaskazini. Dada yako hakukosea. Mti ule hustahimili baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, hustahimili ukame, na hata chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyushia barafu. Majani yake ni madogomadogo, kivuli chake ni chepesi, na nyasi huota vizuri chini yake.

Tatizo ni kwamba baridi ya Minnesota na baridi ya Magamba hazina undugu. Kule mti hupewa taarifa mapema. Mchana wa Juni una zaidi ya saa 15, na wa Desemba haufiki hata saa tisa. Siku zinapoanza kufupika, mti unajua, unarudisha akiba mizizini, unafunga macho yake kwa magamba magumu, unalala. Halafu ni lazima upigwe na baridi wiki nyingi mfululizo ndipo uamke sawasawa. Huku kwetu, tukiwa chini kidogo tu ya ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka mzima haizidi dakika 40. Mti wa kule unakaa haujui ulale saa ngapi wala uamke lini. Tawi hili linachipua, lile limelala, maua hayaji au yanakuja machache bila mpango. Wewe mwenyewe unaona matufaa, plamu na fyulisi za Lushoto: zinazozaa vizuri ni aina zinazotosheka na baridi kidogo. Mkulima akileta aina ya Ulaya ya kaskazini atapata majani tu.

Kuna mengine mawili kuhusu mbegu hizo. Mti wenyewe wa porini una miiba mirefu iliyogawanyika matawi, inayotoka hadi kwenye shina. Ile inayopandwa mijini imechaguliwa isiyo na miiba, ila mbegu zake zinaweza kukuletea watoto wenye miiba kama babu yao. La pili ni sheria: mbegu kutoka nje zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na wanaoshughulikia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Usizipitishe kwenye begi kimyakimya. Milima hii ina somo lake. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti Amani, upande wa mashariki wa Usambara, wakajaribu miti kutoka kila pembe ya dunia. Mmoja wa miti iliyopandwa kule miaka ya ukoloni ni Maesopsis eminii, mti wa upande wa Ziwa Victoria na misitu ya kati na magharibi ya Afrika. Ndege hondohondo waliyapenda matunda yake, wakabeba mbegu mpaka ndani ya msitu wa asili, na hadi leo umejaa humo, umechukua nafasi ya miti ambayo haipatikani pengine popote. Mwambie dada yako asante, na maganda yale ayaweke kwenye bakuli la mapambo mezani kwake.

Jakaranda je? Ni mti mzuri na ninauheshimu. Asili yake ni Bolivia na Argentina ya kaskazini, sehemu zenye miezi mikavu yenye baridi, ndiyo maana Arusha na Nairobi umepata makao kama nyumbani, na ndiyo maana ukiupanda Tanga mjini kwenye joto na unyevu wa mwaka mzima maua yake ni ya kuomba. Kwako utachanua. Lakini una mambo yake. Mche wa mbegu hukuweka miaka saba, kumi, au zaidi kabla ya kukuonyesha ua la kwanza. Ukiwa mdogo ncha zake ni laini na huungua kwa baridi. Matawi yake ni mepesi kukatika kwa upepo, na ukubwani ni mti mpana wa mita 10 na zaidi, haufai kusogezwa karibu na bati wala karo. Kama kiwanja chako ni kikubwa na una subira, panda, mita 8 kutoka ukutani.

Nami jakaranda ilinifunza kwa gharama. Nilipoanza shughuli ya kitalu huku milimani nilinunua miche 40 kutoka kitalu kimoja cha pwani, mizuri ya kuvutia, majani kama unyoya, imenyooka kama mishale. Niliipanda Mei, udongo ukiwa bado na maji ya masika. Kufika Agosti ilibaki sita. Ile miche ilikuwa imelelewa chini ya neti ya kivuli, imemwagiliwa kila siku, haijawahi kuhisi usiku wa nyuzi chini ya 20. Mwaka uliofuata nilikusanya mbegu kwenye mti mmoja mkubwa hapahapa Lushoto, nikaziotesha hapahapa, nikapanda vuli, na hasara ilikuwa ndogo mno. Mti ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa malezi na mwezi.

Mingine naipitia haraka. Kibobakasi, ule wa maua makubwa ya rangi ya moto, anapenda maji kuliko unavyoweza kumpa, na mbao zake ni laini. Mkaratusi mbele ya nyumba sikushauri kabisa, utakunywa hata yale maji ya siku mbili. Mgrevilea ni imara na maua yake ya dhahabu ni mazuri, ila ni mrefu na matawi yake huvunjika, uache mpakani mwa shamba. Mpilipili, ule wa majani yanayoning'inia kama nywele na matunda mekundu, ni hodari wa ukame na baridi, lakini mizizi yake hupenda mabomba na makaro, na mbegu zake husambazwa na ndege ovyo. Kama kiwanja ni kidogo sana, chukua kalistemoni, ule wa asili ya Australia wenye maua mekundu kama brashi ya kusafishia chupa za watoto. Hauzidi kimo cha nyumba, hauchagui sana udongo, unavumilia ukavu, na ndege chozi wanaupenda. Ni chaguo la pili zuri.

Langu la kwanza ni mwamba ngoma.

Najua methali: mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Nami navuta ngozi kwangu kweli, kwa kuwa mti huu naupenda na nimeona watu wa milimani wakiukata kuni huku wakinunua miche ya kigeni kwa pesa. Jina lake la kitaalamu ni Erythrina abyssinica. Ni wa Afrika Mashariki hasa, na makao yake anayoyapenda ni nyanda za juu, kwenye vichaka na nyasi za mita 1,200 hadi 2,000 na zaidi. Yaani wewe unaishi katikati ya kwao. Ngome yake ya kwanza ni gome: nene, limepasukapasuka, laini kama kizibo cha chupa ukilibonyeza kwa kidole. Gome hilo limetengenezwa na karne za moto wa nyasi, na hilohilo linaukinga dhidi ya jua kali la mchana na ubaridi wa usiku. Mbao zake ni nyepesi, na jina limetokana na kazi yake ya ngoma.

Wakati ule wa ukavu ambao mikrismasi yako ilikuwa inakufa, mwamba ngoma hupukutisha majani kwa hiari yake, unabaki matawi matupu ya kijivu. Mtu asiyeujua atafikiri umekufa. Kisha kwenye ncha za matawi hayo yasiyo na jani hata moja hutoka vichwa vya maua, rangi ya chungwa kuelekea nyekundu, kila ua limeelekea juu kama ulimi wa mshumaa. Asubuhi chozi hawaondoki hapo. Nyuma ya mti kukiwa na ukungu mweupe wa Magamba, hayo maua utayaona kabla hujauona mti wenyewe. Baadaye huja maganda yaliyobanwa kiunoni kati ya mbegu na mbegu, yakipasuka yanaonyesha mbegu nyekundu yenye doa jeusi, zile ambazo watoto wanatungia shanga.

Hapo nikutahadharishe kama mwalimu na pengine mzazi: mbegu hizo zina sumu. Iliyomezwa nzima mara nyingi hupita kwa sababu ya ganda lake gumu, lakini iliyotobolewa au kusagwa ni hatari. Watoto waokote kwa kutazama, wasitie mdomoni, na usiziache kwenye makopo ya darasani. Tena mti una miiba mifupi kwenye matawi na shina. Haijifichi, ila usiupande ukingoni mwa njia wanapopita watoto mbio. Mita tano au sita kutoka ukutani inatosha, kwa sababu ni mti wa wastani, mara nyingi mita 6 hadi 12, wenye taji la duara. Na kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde, mizizi yake hushirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni ya hewani, hivyo hauhitaji mbolea ya dukani. Ukiona vivimbe vidogo kwenye majani na vikonyo vichanga, hao ni nyigu wadogo wanaotaga humo; kata sehemu hiyo uichome, usiitupe kwenye mboji.

Sasa wapi uupande. Baridi ya usiku ni hewa nzito, inateremka mlimani kama maji yanavyoteremka, na inatuama pale inapozuiwa. Kama nyumba yako ipo bondeni, au chini ya kiwanja kuna ukuta au ua mzito usiopitisha hewa, nyuma ya kizuizi hicho ndipo patakuwa na baridi kuliko pote. Usipande hapo. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: Juni na Julai jua letu la saa sita linalalia kaskazini, na upepo wa kusi unapiga kutoka kusini-mashariki ukiwa na ukungu wake. Upande wa kaskazini wa nyumba unapata jua la kipupwe na umekingwa na ukuta. Kama mbele ya nyumba yako ni kaskazini, una bahati. Kama ni kusini, sogeza mti mbali kidogo na kivuli cha nyumba upate jua.

Halafu udongo. Nyumba nyingi za Lushoto zimejengwa kwa kuukata mlima, na udongo mweusi wa juu umesukumwa bondeni. Kilichobaki mbele ya mlango ni ule mwekundu mgumu wa chini. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, jioni mimina ndoo nzima ya lita 20, kisha nenda kalale. Asubuhi ukikuta maji bado yamo, umechimba ndoo nyingine ardhini, na mti wowote utakaoupanda humo utaoza. Hapo ama uhame hatua chache juu ya mteremko, ama upasue kuta na sakafu ya shimo kwa sululu na kutengeneza kifereji cha kutolea maji upande wa chini. Shimo likiwa sawa, rudishia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, sehemu moja ya samadi kwa tatu za udongo. Samadi mbichi ya ng'ombe wa zizini huunguza mizizi.

Panda vuli, Oktoba au Novemba, mvua zikishashika sawasawa. Najua huku kila mtu hupanda masika kwa sababu mvua ni nyingi. Kwa mti wa maeneo ya joto unaoogopa kipupwe cha kwanza, masika ni kuchelewa: miezi miwili tu na baridi imefika, mche haujashika ardhi. Wa vuli unapata miezi saba ya joto na mvua mbili kabla ya Juni. Gharama yake ni kwamba itakubidi uulinde Januari na Februari, jua linapokuwa kali.

Kuulinda hakuhitaji maji mengi, kunahitaji maji yanayokwenda chini. Kikombe cha kila siku hulowesha vidole viwili vya udongo wa juu, na mizizi inapanda juu kuyafuata, halafu siku bomba likikatika inaungua. Ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, polepole, inatosha, na siku zako mbili za bomba ni nyingi. Mimi hutumia dumu la lita tano. Natoboa chini tundu moja kwa sindano ya kushonea magunia, nalisimamisha karibu na mche, upande wa juu wa mteremko, nikilijaza mara nne kwa wiki. Linadondosha usiku kucha na hakuna tone linalokimbia. Kabla ya kuongeza, chomeka kijiti kwenye udongo mpaka kina cha kiganja. Kikitoka na udongo ulionatia, acha.

Kuanzia Mei punguza, mara moja kwa wiki mbili inatosha, na majani yakishapukutika hata mara moja kwa mwezi. Ila usiuache udongo ukauke kama majivu, maana udongo mkavu hupoteza joto lake usiku haraka kuliko wenye unyevu kidogo. Matandazo ya nyasi au majani makavu yawe unene wa kiganja, yakizunguka mti kama pete, na yaache nafasi ya ngumi moja kati yake na shina. Yakigusana nalo, gome linaoza na panya wanapata nyumba. Usitie urea wala samadi mpya baada ya Machi. Utachochea machipukizi laini ambayo Julai itayakuta hayajakomaa. Kwa mwaka wa kwanza tu, usiku ukiwa mkali, funika mche kwa kiroba kilichoshikiliwa na vijiti vitatu, kisiguse majani, na ukiondoe jua likitoka.

Ukipata mche wa kwenye kiriba, usiupande ulivyo. Chana kiriba, uangalie chini. Mara nyingi mizizi imejizungusha kama kamba iliyokunjwa ndooni, na itaendelea kuzunguka hivyo ardhini mpaka siku moja ijinyonge. Kata sentimita mbili za chini kwa wembe, chana pande mbili juu hadi chini, inyooshe kwa vidole, ndipo upande. Uliza pia mche umelelewa wapi. TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wana kituo cha mbegu za miti Lushoto. Anzia hapo kuulizia mbegu. Mbegu ya mwamba ngoma unaikata kidogo ganda, upande ulio mbali na kile kikovu chake, unailoweka usiku mmoja, na huota kati ya wiki moja na tatu. Mti wa mbegu una mzizi mkuu unaozama, kwa hiyo kwa ukame ni bora, ingawa utausubiri miaka kadhaa kabla ya maua.

Kama huna subira hiyo, kuna njia ya wazee, tawi la kuchomeka. Septemba, mti ukiwa bado mtupu, omba kwa mwenye shamba tawi lenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita moja na nusu. Liweke kivulini siku nne au tano jeraha likauke, paka juu udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, na mvua za vuli zikianza lichimbie nusu mita ardhini, ushindilie vizuri. Litachelewa kukuonyesha jani, na ukilitikisa kila siku kuangalia kama limeshika ndio unavunja vimizizi vyake. Na unapolikata, ncha ya chini ikate mshazari na ya juu uikate sawasawa bila mshazari, maana likishakaa siku tano kivulini bila jani hata moja utasahau ipi ni ipi, na tawi lililochomekwa kichwa chini huwa halioti.